Talanta ya Nani

Shemeji yangu alikuwa mtu wa kuudhi, na nasema hivyo kwa sababu nampenda. Ukimwambia haba na haba hujaza kibaba, maneno ambayo kila mtu ameambiwa tangu utotoni na akayakubali, yeye hakubali. Anakuuliza, "Kibaba cha nani?" Halafu anakusimamisha juani akueleze kwamba kopo la muuza mchele wa mtaa wa juu limebonyea chini, na la muuza mchele wa mtaa wetu limeongezewa bati kwa ndani, kwa hiyo kabla hujajisifu kwa haba zako lazima kwanza ijulikane zinajaza kopo lipi. Wanafunzi wake wakampa jina la Kibaba-cha-Nani. Jina likamganda mpaka sokoni, na wauza mchele hawakulipenda hata kidogo.

Alifundisha Kiyunani cha kale katika chuo cha wachungaji. Mimi ni fundi cherehani, na siku dada yangu aliponiambia kwamba mchumba wake anafundisha lugha ya watu waliokwisha kufa, nilimwuliza kama mshahara nao unalipwa na marehemu. Akanicheka, akaolewa naye.

Kumbe lugha yenyewe ilikuwa kisingizio. Mapenzi yake hasa yalikuwa mizani. Chuo kilimpa kazi ndogo ya kuandaa jedwali la kuwekwa mwishoni mwa kitabu cha wanafunzi, ili mtu akikuta neno talanta au drakma ajue ni kilo ngapi au gramu ngapi za leo. Mtu mwingine angeimaliza kabla chai haijapoa. Yeye aliifanya miaka mingi, na kila kitabu kilipotaka kuchapishwa upya alikimbilia kiwandani na marekebisho mkononi, amehangaika kama kuku anayetaka kutaga.

Alinifundisha na mimi, nipende nisipende, huku nakunja mapindo ya suruali za watu. Oboli sita ni drakma moja. Drakma mia ni mina. Mina sitini ni talanta. Mpaka hapo hata mimi nilielewa.

"Basi andika drakma ni gramu kadhaa, ukalale," nilimwambia.

"Drakma ya nani, shemeji?"

Maana hao watu wa kale, alivyonieleza, walikuwa kama wauza mchele wetu. Jina moja, makopo mbalimbali. Drakma ya mji wa Athene ni kama gramu nne na kidogo. Ya kisiwa cha Aigina, hapo jirani tu, ni gramu sita na kidogo. Kisha baadaye sana wakaja matabibu wakapimia dawa kwa drakma ya gramu tatu na nusu hivi, na wote wanaiita drakma bila haya. Talanta ya Athene ni kama kilo ishirini na sita, ya Aigina ni thelathini na saba. Ukikuta neno hilo kwenye maandishi, na mwandishi hakusema anapimia wapi, huna unachokijua. Kwa hiyo jedwali lake lilijaa neno moja: takriban. Takriban hapa, takriban pale. Nilimwambia kwamba mimi nikimshonea mtu gauni la takriban hatalilipia.

"Una bahati," akasema. "Sentimita yako haina kwao."

Dada yangu ndiye pekee aliyejua kulifaidi jambo hilo. Siku ya harusi yao shemeji alimbeba kuvuka kizingiti, mwembamba alivyokuwa, kilo hamsini na mbili, naye badala ya kumwambia neno tamu akamwambia, "Talanta mbili kamili." Dada alikasirika jioni nzima kwa kufanywa mzigo. Lakini alipokuja kujua kuna talanta ya Aigina, iliyo kubwa zaidi, na kwamba kwa hiyo yeye ni moja na chenji, akaamua tangu siku hiyo kwamba mwili wake utapimwa kwa Aigina tu. Akinenepa kidogo anasema, "Mwalimu, nipime kwa ile inayonihurumia." Mungu hakuwajalia mtoto. Utani huo ndio waliokuwa wakiulea, na ulikua nao.

Kisha moyo wa dada ukaanza kuchoka. Maji yalianza kwenye vifundo vya miguu, viatu vikamkataa, yakapanda magotini, yakaingia tumboni. Hospitali wakampa vidonge vya kuyatoa na agizo la kupima uzito kila asubuhi, kwa sababu mgonjwa wa namna ile uzito ukipanda ghafla si nyama, ni maji. Nikahamia kwao na cherehani yangu, nikaiweka sebuleni karibu na dirisha, ukuta wa mbao ukinitenga na chumba cha mgonjwa.

Kila asubuhi shemeji alitoa mizani ya kusimamia, ile bapa yenye mshale mwekundu chini ya kioo, akaiweka sakafuni, akaitikisa aone kama mshale unarudi kwenye sifuri. Mwanzoni dada alisimama juu yake mwenyewe.

"Ngapi leo?"

"Moja na mina thelathini na tisa kasoro."

"Ya Aigina?"

"Ya Aigina."

"Mwongo. Miguu yangu inasema ni ya Athene."

Nilikuwa nawasikia kupitia mbao, nacheka, napiga cherehani. Baadaye hakuweza kusimama. Ikabidi shemeji ambebe, apande naye mizani, asome, amlaze, kisha apande peke yake na kutoa uzito wake kwenye ule wa wote wawili. Kila alipomaliza hesabu hiyo alikaa ukingoni mwa kitanda akiirudia kwa vidole, na mimi nikajua mshale umepanda tena.

Vidonge vikaacha kufanya kazi. Daktari, mama mmoja mpole asiyependa kuzunguka maneno, alituita pembeni akasema hakuna kingine cha kuongeza, tumrudishe nyumbani, apewe anachotamani. Nilitaka kumpiga. Hakunikosea kitu, ila nilitaka kumpiga mtu, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Jirani yetu alipokuja kutuona akatikisa kichwa mlangoni, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nilimwambia chai imekwisha, aende kwake.

Shemeji aliingia kwenye vitabu vyake. Alikuwa na kitabu kinene cha matabibu wa kale, alichokuwa akikisomesha kwa ajili ya sarufi tu, na humo kulikuwa na maelezo ya mwili unaojaa maji. Miguu ikibonyezwa kwa kidole inabaki na shimo, mgonjwa hawezi kulala chali, anaamka akitafuta pumzi. Alinisomea huku akitafsiri, na kila mstari ulikuwa dada yangu. Mwishoni kulikuwa na dawa: mzizi wa mmea fulani, ukaushwe, usagwe, unywewe na siki na asali. Jina la mmea silitaji, kwa sababu najua watu walivyo. Kipimo chake, drakma moja.

"Unaona?" akasema. Aliweka kidole juu ya mstari. "Unaona, shemeji?"

Niliona. Niseme ukweli, moyo wangu uliruka. Mfa maji haachi kutapatapa, na dada yangu alikuwa anakufa maji kwenye godoro kavu, na sisi wawili tulikuwa tunatapatapa kwa niaba yake.

Mzizi aliupata kwa mwuza dawa za miti mwisho wa soko. Mzee yule alimtazama juu ya miwani akamwuliza, "Una panya wengi, Mwalimu?" kwa kuwa mzizi ule watu waliununua kwa ajili ya panya. Shemeji akamjibu, "Nina maji mengi," akalipa. Alinisimulia hilo mwenyewe akiwa anautwanga kwenye kinu kidogo, na hakuona la kuchekesha wala la kutisha. Alikuwa ameshavuka mahali ambapo mtu huona mambo kama hayo.

Kupima gramu chache kunahitaji mizani ya sonara. Namshonea mke wa sonara mmoja, kwa hiyo nikampeleka shemeji dukani kwake mchana, mimi mbele na yeye nyuma amekumbatia unga wake kwenye kopo la kahawa. Sonara alifuta kisahani cha mizani kwa kitambaa, akachungulia koponi.

"Dhahabu ya wapi hii, Mwalimu? Nyeusi."

"Ya mke wangu."

Sonara hakuuliza tena. Alitupisha, akaenda kusimama mlangoni kwake akatugeuzia mgongo. Shemeji akapima mara tatu, kwa kijiti, punje kwa punje, akishusha pumzi pembeni ili asiupeperushe. Tuliporudi nyumbani kulikuwa na pakiti tatu juu ya meza, amezikunja kwa ile karatasi yangu ya kukatia ruwaza za nguo. Juu ya moja ameandika Athene, juu ya nyingine Aigina, juu ya tatu Matabibu.

"Mbona tatu?" nikauliza.

"Kwa sababu kitabu hakisemi."

"Hakisemi nini?"

"Drakma ya nani." Akakaa chini kama mtu aliyekatwa miguu. "Mwandishi hajulikani alikotoka. Kama anapimia Athene, ni hii. Kama ni mtu wa visiwani, ni hii, karibu mara mbili ya ile ndogo. Kama ni wa siku za baadaye, ni hii. Mmea huu ukipungua hausaidii. Ukizidi unasimamisha moyo."

"Basi chagua."

"Siwezi."

"Kwenye jedwali lako unaandika takriban."

"Takriban haimezwi, shemeji."

Nilimtazama mtu yule, mvi zimemjaa, shati amelifungia vifungo kombo, ameshika pakiti tatu za karatasi kama karata, na nikamwonea huruma na hasira kwa pamoja. Nikamwambia achague au azitupe zote, ila asinikalishe hapo na matumaini matatu. Nikamwambia kama atampa dada yangu sumu sitamsamehe, na kama ana dawa mkononi na hampi, hilo nalo sitamsamehe. Nilijua sikuwa namtendea haki. Nilisema hivyo hivyo.

"Nipe mpaka kesho," akasema.

Mwenye ukuta wa mbao hana siri. Dada alisikia kila neno. Nilipompelekea uji alinishika kidole akakiminya. Hakunywa hata vijiko viwili.

Asubuhi walipima kama kawaida. Nilisikia vishindo vya shemeji akipanda mizani na mzigo wake, kisha mlango wa bafu. Nilikuwa natia zipu kwenye sketi ya mtu. Baada ya muda nikasikia mtu anatapika, sauti nzito ya mwanaume anayejaribu kuizuia. Halafu nikasikia nyayo. Zilikuwa za miguu iliyojaa maji, zinaburutwa, zikipita nyuma ya ukuta wangu polepole kuelekea bafuni. Ilikuwa muda mrefu tangu niisikie miguu ile sakafuni, na kwa dakika moja ya kijinga nilidhani dawa imefanya kazi, dada amepona.

Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye sakafu ya bafu, mgongo ukutani, anahema kama aliyepanda mlima, na kichwa cha mumewe kiko mapajani pake. Kwa mkono mmoja alimshikia beseni. Kwa mkono mwingine alimfuta mdomo na upindo wa gauni lake. Uso wa shemeji ulikuwa wa kijivu, midomo imekauka. Mshipa wa shingoni niliuona ukipiga, ukitulia mpaka ninaogopa, kisha ukipiga.

"Umemeza ipi, Mwalimu?" dada akamwuliza.

Akageuza uso kwenye beseni.

"Nakuuliza ipi."

"Ya matabibu."

"Si ndiyo nyepesi?"

"Nyepesi kuliko zote."

Bomba lilikuwa linadondosha maji. Mtu mzima, mwenye moyo mzima, amemeza ile ndogo kabisa na amelala sakafuni hajui kama atainuka. Zile mbili nyingine zilikuwa kubwa kuliko hiyo. Hakukuwa na pakiti ya dada yangu kwenye meza ile, na haikuwahi kuwepo. Nilielewa hilo nimesimama mlangoni na sketi ya mtu mkononi, na nikaona dada yangu amelielewa kabla yangu.

"Haya," akasema, na akampapasa kichwa. "Tumejua."

Nikazichukua mbili zilizobaki nikazitupa chooni na karatasi zake. Kisha nikamwita jirani, yule yule niliyemfukuza, akaja na gari lake bila kununa. Hospitali walimtia shemeji dripu wakamlaza kwa uangalizi, na yule daktari mpole alinigombeza kwa sauti iliyosikika wodi nzima. Nilimwacha aseme. Aliponyamaza akanishika bega, hapo ndipo nilipolia.

Shemeji aliporudi nyumbani alikuwa amepungua, anatembea akishika kuta. Alikaa sebuleni kwenye kiti changu cha cherehani, ametazama mahali zilipokuwa pakiti.

"Nilidhani swali ni drakma ipi," aliniambia. "Maisha yangu yote nimedhani ukishajua kipimo cha mtu umejua kila kitu. Pengine mzizi wao si huu wetu. Pengine ulikuwa huu huu, na wagonjwa wao nao walikufa. Walioandikwa ni waliopona, shemeji. Marehemu hawakuandika kitu."

"Ulimeza kwa nini?" nikamwuliza. "Ungeniambia hata mimi."

"Ningemwambia nani achague?"

Nilimtilia chai, akaisahau mpaka ikapoa.

Siku zilizobaki zilikuwa mbaya, na sitazipamba. Dada hakuweza kulala chali, tulimwegemeza kwenye mito na magunia ya vitambaa vyangu. Ngozi ya miguu ilimetameta, ikaanza kutoa maji yenyewe. Shemeji alikwenda jikoni akafungua bomba lipige kelele, alie, afunge bomba, arudi chumbani na uso ulionawa. Kila mtu alijua. Dada kila aliposikia bomba likifunguliwa alinitazama na kutikisa kichwa, kwa jinsi mwanamke anavyomhurumia mume asiyejua kuficha kitu.

Asubuhi ya mwisho, dada mwenyewe ndiye aliyeomba mizani. Tulikuwa tumeshaiacha, kwa kuwa hakukuwa tena na wa kumpelekea hesabu. Shemeji alisema hakuna haja, asisumbuliwe.

"Nipime," akasema. "Nimekuzoea ukinipima."

Shemeji akaiweka mizani sakafuni. Akaitikisa aone mshale uko kwenye sifuri, hata siku ile. Nikamsaidia kumwinua. Alikuwa mzito sana, na shemeji alikuwa bado dhaifu kwa ile sumu, nikataka kushika upande mmoja akanikataza kwa kichwa. Akapanda naye. Nikapiga magoti nisome mshale, maana yeye hakutazama chini. Alikuwa anamtazama usoni.

"Ngapi?" dada akauliza. Sauti ilikuwa pumzi tu.

Nilifungua mdomo nimsomee namba, kisha atoe uzito wake kama siku zote. Shemeji hakunisubiri.

"Mbili," akasema. "Talanta mbili kamili."

Mshale ulikuwa mbele ya macho yangu. Nimemjua mtu yule miaka na miaka, na tangu siku ya harusi sikuwahi kumsikia akitaja uzito wa kitu bila takriban au kasoro, wala bila kwanza kukiuliza kwao ni wapi. Dada naye alijua, kuliko mimi. Akafumbua macho vizuri, akamtazama, na nikaona kitu kinamcheza mdomoni.

"Talanta ya nani?"

"Yangu," akasema.

Dada akacheka, ikamgharimu pumzi nyingi. "Kumbe sijanenepa," akasema, akaegemeza kichwa shingoni kwa mumewe. Hakumlaza mara moja. Alibaki amesimama juu ya mizani amembeba, na mimi nikabaki nimepiga magoti pale chini. Dada alikufa kabla ya mchana, ameegemea magunia yangu, amemshika mumewe mkono.

Namba niliyoiona chini ya kile kioo sijamwambia mtu, na shemeji hajawahi kuniuliza. Chuoni jedwali lake bado liko mwishoni mwa kitabu, na takriban zake zote. Wanafunzi wapya wamerithi lile jina la utani, na humtania nalo kama walivyofanya wenzao. Lakini siku hizi mtu akimwambia haba na haba hujaza kibaba, anaitikia ndiyo, na kuendelea na njia yake.